Mkanda au gia: mashine ya kufulia ya petroli tuliyoichagua Ras Kitau, na siku iliposhika mkono wa Bi Zena

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Juzi kuna ndugu humu aliweka picha za mashine mbili kuukuu za kufulia, zile za pipa lenye rola mbili juu, akauliza achukue ipi. Wengi mlimjibu kuhusu kutu na rangi. Mmoja tu ndiye aliyemuuliza kwa chini zinaendeshwa na nini. Huyo mmoja nampa heko, maana hilo ndilo swali lenyewe.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Nimeona nifungue uzi.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyashika kwa mikono hii. Pale nilipoambiwa tu, nitasema niliambiwa.

Halafu mnaniita mkuu humu ndani na sijawahi kuwasahihisha. Mimi ni mama mtu mzima, nesi mstaafu, mzaliwa wa Taita. Miaka ya sitini, bendera yetu ikiwa bado mpya, nilihamishiwa hospitali ya Lamu. Nilikuwa msichana wa bara, sijawahi hata kupanda boti.

Nilipata chumba cha juu katika nyumba ya Bwana Athmani, mfanyabiashara wa boriti, na mkewe Bi Zena. Nyumba ya mawe, kuta nene, kiwanja kidogo katikati na kisima chake humo humo ndani. Wa tatu alikuwa mamake Bwana Athmani, Bi Khadija, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja na hatoki kitandani.

Kiswahili changu kilikuwa cha shule. Siku ya kwanza Bi Zena aliniita kutoka kiwanjani, "Nesi, ndoo." Nikashuka na ndoo ya maji mkononi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kwao "ndoo" ni "njoo". Tangu siku hiyo tukawa kama dada.

Sasa tuingie kwenye jambo.

Mgonjwa aliyepooza anachafua shuka. Sisi manesi tunalijua hilo, lakini hospitalini mna zamu. Ukichoka anaingia mwenzako. Bi Zena hakuwa na zamu. Kila siku alichota maji kisimani, akafua shuka, magodoro ya pamba akayaanika, na kesho ni yale yale. Maji ya kisima yale yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, ilikatika katika kama maziwa yaliyoganda, kwa hiyo alisugua maradufu.

Mikono yake ilipasuka. Nikimpaka mafuta jioni, asubuhi vidonda vinafunguka tena. Kisha kidole kimoja kikatunga usaha, na daktari akamwambia kwamba kisipopumzika kitakatwa.

Bi Zena alimsikiliza kwa adabu, akarudi nyumbani, akafua. Nilipomgombeza aliniambia kwa upole, "Mama yule kanilea mimi kuliko aliyenizaa. Nimlaze kwenye uchafu?"

Jioni ile nilimwambia Bwana Athmani kwamba kule nilikosomea unesi kulikuwa na mashine inayofua shuka za wodi nzima. Akadhani namtania. Bwana Athmani alikuwa mtu wa hesabu na mizani, hapendi hadithi. Lakini aliviona vile vidole vya mkewe kila alipoandaliwa chakula, na baada ya siku chache akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama ni kweli.

Basi mabaharia wake wakamletea habari. Ng'ambo, Ras Kitau, kulikuwa na mzungu mmoja mzee aliyekuwa akilaza wageni. Alikuwa anafunga nyumba arudi kwao, anauza kila kitu. Na alikuwa na ugonjwa wa kununua mashine mbovu na kuzitengeneza. Za kufulia alikuwa nazo tatu.

Tulivuka siku yangu ya mapumziko, mimi na Bwana Athmani. Bi Zena hakuja, alibaki na mgonjwa. Alinishika tu mkono pale kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, akasema nimtazamie kwa mato yangu. Macho yangu, yaani.

Ndugu uliyeuliza, hapa ndipo usome polepole.

Mashine zile tatu zilikuwa zimepangwa barazani, na ukiziangalia kwa juu zinafanana. Pipa, nguzo ya mapezi katikati ya pipa inayozungushwa kwenda na kurudi ili kuvuruga maji, na rola mbili za mpira juu za kukamulia. Tofauti zote ziko tumboni.

Babangu alikuwa fundi wa kupaka mafuta katika kiwanda cha mkonge. Kiwanda kizima kiliendeshwa na shafti moja ndefu darini, na kutoka shafti ile mikanda mipana ilishuka kwenye kila mashine. Nilikua naona mikanda kuliko nilivyoona televisheni, ambayo hata haikuwepo. Kwa hiyo nilifanya alichokuwa akifanya babangu. Nililala chini na gauni langu la safari nikachungulia.

Ya kwanza, nyeupe, nzuri kuliko zote, ilikuwa na mota ya umeme. Kwenye mota kuna kigurudumu kidogo cha mpira, na kigurudumu hicho kinasugua ukingo wa gurudumu kubwa. Hakuna mkanda, hakuna gia pale. Ni kusuguana tu. Ukiizungusha nguzo ya pipa kwa mkono inakwenda kirahisi mno, kisha inaburuta. Mpira wake ulikuwa umekauka na kung'aa kama kucha. Ukilowa, unateleza, mashine inanguruma na nguo zimesimama. Zaidi ya hayo, nyumba ya Bwana Athmani haikuwa na umeme. Ile tukaiaga.

Ya pili ilikuwa na injini ya petroli, ndogo, ya kupiga teke. Injini yenyewe ilikuwa imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye sanduku la gia. Hiyo ndiyo mnayoiita direct drive. Ukijaribu kuzungusha nguzo kwa mkono ni nzito, inakataa, kwa sababu unaisukuma injini nzima. Ikiwashwa ilitoa sauti nene, na kila kitu kilikwenda kwa nguvu bila kusitasita. Chini yake palikuwa na doa la oili.

Ya tatu, injini ya petroli vilevile, lakini kati ya injini na gia kulikuwa na mkanda wa mpira unaopita kwenye kapi mbili. Ukizungusha nguzo kwa mkono unahisi kama inakupa na kukunyang'anya kidogo. Chini yake hapakuwa na oili, palikuwa na vumbi jeusi la mpira. Ikiwashwa, sauti yake ilikuwa nyepesi.

Bwana Athmani aliipenda ya pili. Mzungu naye aliisifu. Na kwa haki, wakuu, ilikuwa mashine kali. Bwana Athmani aliigonga kwa kidole akasema chuma kimeshikana na chuma, hakuna cha kukatika. Kuhusu ile ya mkanda alisema haoni sababu ya kuukabidhi mgongo wa mkewe kwa kipande cha mpira.

Mimi nikamwambia hivi: gia ikivunjika jino Lamu, utapata wapi nyingine? Utaandika Mombasa, Mombasa wataandika Ulaya, na Bi Zena atakuwa anafua kwa mikono. Mkanda ukikatika, tutashona wa ngozi siku hiyo hiyo. Babangu alishona mingi.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote. Naomba muishike vizuri, sikuwa na nyingine.

Alifikiri. Akaizunguka ile ya pili mara ya mwisho kama mtu anayeaga ng'ombe mzuri. Kisha akasema tuchukue ya mkanda.

Mahamali waliibeba kutoka ufukweni wakipita vichochoro, wengine mnavijua vile, punda wawili hawapishani bila kugusana. Watoto nyuma. Watu wakitoka kwenye madaka kutazama. Bwana mmoja aliuliza kama ni jeneza la chuma, naye akajibiwa kwamba ni dobi.

Tuliiweka kiwanjani. Bomba lake la moshi tulilipandisha ukutani mpaka nje juu ya paa, maana moshi wa petroli ndani ya nyumba ile ungeua mtu. Maji tulitumia ya birika, lile tangi la kukingia mvua, kwa heshima ya siku ya kwanza.

Bwana Athmani alimbeba mamake mwenyewe, akamweka kwenye kiti chenye mito kando ya mlango. Bi Khadija alikuwa mwepesi kama mtoto.

Bi Zena alifunga leso kiunoni vizuri, akapiga teke. Haikuwaka. Akapiga tena, ikakohoa. Ya tatu ikashika, na nyumba nzima ikaanza kutetemeka, mpaka njiwa wote wa darini wakaruka. Tuliambiwa baadaye kwamba majirani walidhani kuna boti ya mashine imeingia ndani ya nyumba.

Kisha akavuta kipini cha gia.

Wakuu, nimeona mengi maishani. Nimeona watoto wakizaliwa, nimeona moyo wa mtu uliosimama ukirudi kupiga. Lakini ile dakika maji yalipoanza kugeuka ndani ya lile pipa, yenyewe, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na povu likapanda jeupe, na shuka zikawa zinazama na kuibuka bila mkono wa mtu, sijaiona nyingine kama hiyo. Bwana Athmani alikuwa na tasbihi mkononi, vidole vyake vimesimama kwenye punje moja.

Na mimi nilishawahi kuiona mashine, jamani. Ila sikuwahi kuiona mbele ya mtu ambaye mikono yake ilikuwa imefanya kazi ile kwa damu. Nilimtazama Bi Zena. Alikuwa amekunja mikono kifuani, vidole vimefungwa bandeji, anatazama kazi yake ikifanyika bila yeye. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa.

Bi Khadija, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, aliinua mkono ule mzima akaelekeza kwenye pipa.

"Ni nani afuaye?" aliuliza.

Mwanawe alimbusu tu kichwani.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wengine na leso zao mkononi, na Bi Zena hakumrudisha mtu. Waliweka utaratibu wao: isipigwe teke karibu na adhana, na punda wa jirani ahamishwe kwanza kwa sababu alikuwa akigutuka. Kidole kikapona. Mikono ikaota ngozi mpya. Nilikuwa nikiigeuza geuza kwenye mwanga kama nesi, naona fahari kana kwamba nimeitengeneza mimi.

Miezi ikapita hivyo.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, niko juu navua viatu. Chini injini inalia kama kawaida. Ghafla sauti ikabadilika. Injini ilikuwa inaendelea, lakini juu yake ukatoka mlio mwembamba, mkali, usiokatika, kama chuma kinachokwaruza kioo.

Mlio ule niliujua tangu utotoni. Ni mkanda unaoteleza kwenye kapi. Maana yake kuna kitu mbele kimekataa kuzunguka.

Nilishuka ngazi zile peku. Kabla sijafika chini nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Bi Zena alikuwa amesimama kwenye mashine, ameinama, hatoi sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya rola mpaka kwenye kifundo. Shuka aliyokuwa akiikamua ilikuwa na tundu, vidole vikaingia kwenye tundu, na rola zikavuta shuka na mkono pamoja. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anazisukuma rola, lakini haufiki kwenye kipini cha kuachia, ambacho kilikuwa upande wa pili.

Rola zilikuwa zimesimama. Hilo ndilo nataka mlione. Injini inakwenda kwa nguvu zake zote, kapi ya chini inazunguka, moshi mweusi unatoka kwenye mkanda, na rola zimesimama juu ya kifundo cha mkono wake, hazisongi mbele hata kidogo. Mkanda ulikuwa unaungua, lakini hauvuti.

Nilipiga kipini kwa kiganja. Rola zikafunguka. Mkono ukatoka. Nikazima injini.

Nilimkalisha chini. Nikamwambia afunge ngumi. Akafunga. Afungue. Akafungua. Kidole kimoja kimoja kiguse gumba. Kikagusa, vyote. Ngozi ilikuwa imechubuka, mkono umeanza kuvimba, lakini ulikuwa mzima. Daktari alimpima baadaye akakuta hakuna mfupa uliovunjika.

Kule nilikosomea unesi, mashine yetu ilikuwa ya gia tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua pale alishikwa hivyo hivyo kabla sijafika. Niliambiwa tu, sikuona. Ila mwenyewe nilimwona, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa kuanzia begani. Gia haina habari na kilicho mbele yake.

Bwana Athmani aliitwa kutoka ufukweni. Alikuja mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka. Alipoona mkono, alitaka mahamali waitwe saa hiyo hiyo waitoe mashine ile wakaitupe kwenye mkondo wa bahari.

Bi Zena alikataa. Alikuwa amesawijika kwa maumivu, lakini aliongea taratibu.

"Isitoke. Kilichonivuta ni nguo yangu. Kilichoniwata ni mkanda."

Kuwata kwao ni kuacha. Kilichoniacha.

Bwana Athmani hakuelewa. Nikamweleza nilichokiona. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa heshima zake. Akalala kwa tumbo kwenye sakafu yenye maji, na kanzu yake nyeupe, akaingiza kichwa chini ya pipa.

Alikaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na masizi kwenye paji la uso. Alikuwa ameushika mkanda kwa vidole. Upande wa ndani ulikuwa umeliwa, umekuwa laini na unang'aa, karibu kukatika.

"Bi Nesi, ulijua?" aliniuliza.

Nikamwambia sikujua. Nilichagua mkanda kwa sababu ungeweza kushonwa hapa Lamu. Hili la kuteleza halikunipitia akilini hata kidogo, ingawa maisha yangu yote nilikuwa nimeona mikanda ikiteleza.

Aliutazama mkanda, akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Basi aliyechagua si wewe wala si mimi," alisema.

Alikwenda kutawadha na kusali, kisha akarudi kukaa nasi.

Mimi ni Mkristo, na nyumba ile ilikuwa ya Waislamu, na siku ile hakukuwa na tofauti yoyote kati yetu. Tulikuwa watu watatu tumekaa kwenye sakafu iliyolowa, tunapitisha kipande cha mpira kilichoungua kutoka mkono hadi mkono, kama watu wanaoonyeshana kitu kitakatifu. Kutoka ndani Bi Khadija alikuwa anauliza mbona dobi wake amenyamaza.

Tulishona mkanda mwingine, wa ngozi. Kipini cha kuachia rola Bwana Athmani alikifungia kamba ndefu, mtu akivuta kutoka upande wowote rola zinafunguka. Na nikaweka sheria moja: shuka yenye tundu haipiti kwenye rola, inakamuliwa kwa mkono.

Bi Khadija alifariki mwaka uliofuata, kwa amani, usingizini. Waliomwosha walisema hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Kwa mtu aliyelala muda ule, wauguzi humu mtanielewa, hilo si jambo dogo. Ilikuwa kazi ya Bi Zena.

Mimi nilihamishwa baada ya hapo. Bi Zena alikuwa akiniandikia mara kwa mara, na mambo ya mwisho haya ni yake, siyo ya macho yangu.

Aliniambia kwamba umeme ulipoenea mjini na watu wakaanza kununua mashine za kila aina, za kufulia, za kusagia, za kusukumia maji, walikuwa wakimwita Bwana Athmani kwanza aje aziangalie. Mfanyabiashara wa boriti, hana cheti cha ufundi. Alikuwa akifika, anakunja kanzu, analala chini, anachungulia tumboni. Anakizungusha kinachozunguka kwa mkono. Ananusa. Kisha anamuuliza muuzaji swali moja tu: ikikwama, hufanya nini?

Muuzaji akijibu kwamba haikwami, Bwana Athmani aliinuka, akakung'uta vumbi, akaenda zake. Na mnunuzi akamfuata.

Ndugu wa juzi, jibu lako ndilo hilo. Zilaze zote mbili ubavu, tazama chini. Vumbi jeusi, mkanda. Doa la oili na uzito mkononi, gia. Mpira unaosugua ukingo, kague kama umekauka. Kila mashine itakuonyesha yenyewe inavyofanya kazi. Wewe uliza inavyoshindwa, na ni nani atakuwa amesimama karibu siku hiyo.

Nimemaliza, wakuu. Kama kuna aliyewahi kupiga teke mashine kama ile, au ana shangazi wa Amu, yaani Lamu, au Pate aliyekuwa nayo, aandike hapa chini. Na wenye gia zao wanaotaka kubishana nami, karibuni, nipo.